Pembe Zilizolala Kwenye Kifuniko

Nga, nga, nga, ngaaa. Mara tatu fupi, mara moja ndefu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sauti ya vita. Mzinga sikuwahi kuusikia, wala bunduki, ila ile ya kufukuzia nguruwe mashambani. Nilichosikia ni kipande cha chuma cha gari bovu kilichoning'inizwa mtini mbele ya gombolola, ofisi ya serikali, na tarishi akikigonga kwa nyundo kila asubuhi ya baraza. Kabla ya vita alikuwa akikigonga anavyotaka mwenyewe, na siku akiwa amekunywa rubisi tulijua tukiwa bado kitandani, maana chuma kilikuwa kinacheza ngoma. Vita ilipokuja akaambiwa agonge kwa hesabu: tatu fupi, moja ndefu, basi. Tukaambiwa ukisikia hivyo, huo ni ushindi unaitwa. Mimi nilikuwa nikisikia hivyo nakimbilia ukindu wangu, kwa sababu baraza maana yake ni watu, na watu maana yake ni vikapu.

Ninyi mabinti mnaokuja kwangu Jumamosi mmeniuliza mara nyingi kwa nini nawavalisha vifuniko kichwani kama kofia kabla sijawaruhusu kuendelea na nakshi. Mnacheka, mnasema bibi ameanza kuzeeka akili. Safari ile padri mgeni alipopita akakuta wasichana kumi na mmoja wamekaa uani wakiwa na vifuniko vya vikapu kichwani, alidhani amekatiza ibada ya watu wengine, akaomba radhi na kuondoka. Sasa nimeamua kuwaandikia. Nikisimulia kwa mdomo mnanikatiza na maswali, na mimi nikikatizwa napotelea migombani. Shule yangu ni darasa la pili tu, kwa hiyo mkikuta sentensi imelala ubavu, iinueni mwende nayo.

Aliyenifundisha kazi ni Ma Kokugonza. Ma ni heshima yetu huku, mama wa watu. Nyumba yake ilikuwa mteremkoni chini ya nyumba yetu, kijijini Chonyonyo, migomba yake na yetu ikigusana majani hata mikungu tulikuwa tunaibiana bila kujua. Alikuwa mjane. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Byera, kijana mrefu mwenye kucheka kwa pua, na huyo alikuwa amekwenda na keya, askari wa Mwingereza, tangu mwanzo wa vita.

Ma hakuwa na neno "umekosea" kinywani mwake. Ukimpelekea kikapu anakiweka sikioni, anakibinya kwa viganja. Kikapu kilichokazwa vizuri hulia, kinatoa sauti kama ya mtu anayekanyaga majani makavu. Kilicholegea kinanyamaza. Basi anabinya, anasikiliza, halafu anakurudishia mikononi.

"Hiki hakisemi, mwanangu."

Hapo unajua kazi ya wiki nzima inafumuliwa. Nimefumua vikapu mpaka vidole vikaota sugu za kufumua, tofauti na zile za kusuka. Msinione leo naringa.

Sindano yake ilikuwa ubavu wa mwavuli. Alichukua waya mmoja kwenye mwavuli uliovunjika, akausugua kwenye jiwe la kunolea mpaka ukawa na ncha ya kupenya nyasi zilizobanwa ndani ya ukindu bila kuzikata. Mpaka leo sijaona chombo kinachoushinda. Ninyi mnakuja na sindano za magunia, mnatoboa tundu la kupita panya, halafu mnashangaa kwa nini mtama unavuja.

Na rangi nyeusi ilikuwa ya bondeni. Unachemsha ukindu na majani, unaushusha bwawani, unauzika kwenye tope jeusi siku tatu, unaweka kijiti cha alama. Mimi niliwahi kusahau kuweka kijiti. Nilichimba bwawa lile kutoka asubuhi hadi jua la utosi, nikatoka mweusi kuliko ukindu wenyewe, na Ma akanizunguka akinitazama, akasema rangi imeshika vizuri, ila amechelewa kuniambia kwamba kinachozikwa ni ukindu. Leo mnanunua unga wa rangi dukani, nyekundu, zambarau, kijani cha kuumiza macho. Silaumu. Ila ukiuacha juani mwezi mmoja unafifia kama nguo ya mazoezi. Nyeusi ya tope inakuzika wewe kabla haijazikwa.

Tuje kwenye alama ya pembe mnayoisuka.

Barua za Byera zilikuwa zinapitia Omurushaka, kwenye duka la Mzee Salehe. Huyu wazazi wake walitoka pwani, alikuwa na ndevu nyeupe na Kiswahili cha kunyooka ambacho sisi wa Kinyambo tulikisikiliza kama watu wanaosikiliza redio. Alikuwa anauza chumvi, kaniki, mafuta ya taa, na alikuwa anasoma barua za watu bure. Siku hiyo nilikuwa na Ma. Nilikuwa na umri wa kama miaka kumi na mitano, mwepesi wa miguu na wa kuota ndoto mchana. Mzee Salehe akafungua barua, akasoma salamu, akasoma habari ya mvua za huko Bama, nchi ya mbali walikopelekwa kupigana, kisha akasita, akachukua chaki, akachora juu ya meza ya duka mistari miwili iliyokutana chini na kuachana juu.

"Amechora hivi," akasema. Halafu akasoma neno kwa neno, na mimi nilikariri siku hiyohiyo kwa sababu Ma aliniomba nimkaririe njiani mara nne kabla ya kufika nyumbani. Byera alisema: "Mama, huku alama hii iko kila mahali, kwenye malori, kwenye kuta, hata kwenye mapipa ya maji. Wakubwa wanasema ni ushindi. Mimi nikiiona naona pembe za ng'ombe wetu akiwa amesimama kilimani. Ukiiona huko, jua na mimi nimesimama."

Alama yenyewe ilikuwa imeshafika kwetu kabla ya barua, ila hakuna aliyejua ya nini. Ilikuwa imechorwa kwa chokaa kwenye ukuta wa gombolola, na mlimani juu ya barabara wafungwa walikuwa wamepanga mawe meupe ya namna hiyo. Kila mtu aliisoma kwa macho yake. Wanawake wa migombani tulisema ni panda ya mti wa kuegemezea mgomba uliolemewa na mkungu. Tarishi alisema ni vidole viwili, na akatuonyesha, na kesho yake jamaa mmoja akamwinulia vidole mwenye kilabu kumpa salamu ya ushindi, akaletewa vibuyu viwili vya rubisi. Wazee ndio waliosema pembe. Kwetu ng'ombe ana pembe ndefu kuliko mikono ya mtu, na ukimwona kwa mbali kwenye ukungu wa asubuhi unachokiona kwanza ni zile pembe zimefunguka juu. Akiwa mzima ziko juu. Ukizikuta zimeangalia chini, huyo tayari mnatafuta visu.

Kwa hiyo Byera hakubuni kitu. Alisema jambo ambalo mama yake angelielewa bila kuambiwa mara mbili.

Baada ya barua ile haikuja nyingine. Ukapita msimu wa maharage, ukapita wa mtama. Kila tulipokwenda Omurushaka Mzee Salehe alikuwa anatikisa kichwa kabla hatujafika kwenye kizingiti, ili asituache tukatumaini kwa hatua zile tatu za mwisho. Nilikuwa namchukia kwa hilo. Sasa nikikumbuka naona alikuwa mtu mwema kweli.

Ndipo mkungu wetu, yaani mkubwa wa kijiji, Ta Bitegeko (Ta ni baba wa watu, kama Ma), akapita nyumba kwa nyumba. Akasema Bwana Shauri, mzungu wa wilaya, atakuja kwenye baraza kubwa Omurushaka. Kila kijiji kipeleke maharage ya askari, na maharage yawe kwenye vikapu vyenye vifuniko, na vifuniko viwe na alama ya ushindi. Ta Bitegeko alikuwa mtu mwoga kuliko wote niliopata kuwajua. Alikuwa anaogopa hata amri alizotoa yeye mwenyewe.

Ma aliisikiliza amri ile kwa namna nyingine. Alikuwa amesikia kwamba baraza lililopita Bwana Shauri alipita mbele ya vikapu taratibu, na kikapu kikimpendeza anasimama na kuuliza ni cha nani. Mwanamke mmoja wa kijiji cha Rugera aliulizwa hivyo, na kupitia karani akaomba jembe, akapewa.

Ma alilala na habari hiyo. Asubuhi akaniita, akaniambia anataka kusuka kikapu ambacho mzungu hawezi kukipita. "Akisimama, nitamuuliza Byera yuko wapi. Wao ndio waliomchukua, wao watakuwa na daftari lake."

Alikisuka kwa majuma matano. Sijapata kukiona kikapu kama kile tena, na nimeviona vingi. Ukikibinya kilikuwa kinalia kama mlango. Pembe nyeusi zilikizunguka tumboni safu mbili, nyembamba, zimefunguka vizuri. Kikabaki kifuniko. Na hapo, siku nne kabla ya baraza, kidole gumba chake cha kulia kikaingia mdudu, kikavimba, kikajaa usaha, na homa ikampanda. Hakuweza hata kushika ubavu wa mwavuli.

Akanipa mimi.

Mabinti, hapa sikilizeni kwa masikio yenu yote. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshasuka vikapu vingi, lakini kifuniko chenye nakshi sikuwahi. Nilidhani ni kikapu kidogo. Kikapu huanza chini, kwenye kitako, kinapanda. Kifuniko huanza juu, kwenye ile chuchu yake, kinashuka. Lakini mkononi vyote viwili unavishika namna moja, mdomo ukiangalia juu, kama bakuli. Basi kwenye kikapu ukitaka pembe unaanza na mshono mmoja mweusi, mzunguko unaofuata unaweka miwili, halafu unaiachanisha kidogo kidogo. Kwenye kifuniko ni kinyume chake. Unaanza na pembe zikiwa mbali, unazikaribisha, zinakutana mwisho, karibu na ukingo. Ma alikuwa analijua hilo kama anavyojua kupumua, na jambo unalolijua namna hiyo husahau kumwambia mwenzako.

Nilifanya kama kikapu. Nilikuwa nimekaa peke yangu nyuma ya nyumba yetu, nafurahi, naimba. Kusema kweli mikono ilikuwa Chonyonyo lakini mimi nilikuwa mbali. Nilikuwa nimepanda lori lililochorwa alama ubavuni, nimevaa viatu vyeupe, naingia mji fulani ambao sijui jina lake, na Byera anacheka kwa pua akisema kumbe na wewe umefika. Kwa nini Byera, msiniulize. Nilikuwa na miaka kumi na mitano.

Kifuniko sikukijaribu juu ya kikapu, kwa sababu kikapu kilikuwa kwa Ma kimejaa maharage. Nilipima mdomo wake kwa kamba ya mgomba yenye fundo, kama alivyonifundisha, na kipimo kilikuwa sawasawa kabisa. Nilikimaliza usiku wa kuamkia baraza. Alfajiri nikashuka kwa Ma nikiwa nimekishika viganjani kama bakuli. Ndani mlikuwa na moto wa kuni tu. Alikuwa amekaa, kidole kimefungwa jani, macho yanang'aa kwa homa. Akakibinya kwa mkono wa kushoto, akakisikiliza.

"Kinasema," akaniambia. Kwa miaka miwili nilikuwa nimelingoja neno hilo. Halafu akauliza, "Na pembe zimesimama?"

Nikatazama kifuniko viganjani mwangu. Zilikuwa zimesimama.

"Zimesimama, Ma."

Tukaondoka. Kikapu nilikibeba mimi kichwani, maharage yamefunikwa kwa jani la mgomba na kufungwa kwa kamba ili yasimwagike njiani. Kifuniko alikibeba yeye kifuani, amekikumbatia.

Kule Omurushaka uwanja ulikuwa umejaa. Vikapu vilipangwa safu moja, kila kijiji mahali pake, na wanawake nyuma ya vikapu vyao. Chetu kilipata mahali pazuri kabisa, katikati, karibu na njia atakayopita Bwana Shauri. Watu waliinama kukitazama. Nikafungua jani, Ma akanipa kifuniko, nami nikakifunika juu, kikashuka kwa sauti ndogo kama ya mtu anayefunga mdomo.

Chini, kwenye kikapu, pembe zilikuwa zimesimama. Juu, kwenye kifuniko, safu nzima ilikuwa imepinduka, imeangalia chini.

Mwanamke wa Rugera, yuleyule wa jembe, ndiye aliyeona kwanza. Hakuwa na ubaya, alikuwa mtu wa utani. Akamgusa mwenzake na kusema kwa sauti ya kusikika, "Tazameni, ng'ombe wa Chonyonyo wamelala."

Wanawake wakacheka. Mimi nilitaka kucheka pia, niwe mmoja wao, lakini nilimtazama Ma. Alikuwa amekitazama kifuniko, na uso wake ukatulia polepole. Hakulia. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, akaweka mkono mbaya juu ya mzuri, akasema, kama mtu anayejibu swali:

"Amelala."

Nikamwambia ni mimi, Ma, ni mkono wangu, nilianza vibaya, nilidhani ni kikapu. Nililieleza kosa lote, tangu kwenye chuchu mpaka kwenye ukingo. Akaniangalia kwa upole.

"Najua ni mkono wako. Lakini kwa nini leo?"

Nikainama nimwinue, hakuinuka. 

Ta Bitegeko akafika mbio, jasho linamtoka. Aliinama akanong'ona kwamba tunataka afungwe, kwamba alama iliyopinduka ni kumwombea adui ashinde, kwamba ana watoto tisa. Akataka kikapu kiondolewe. Nikaona nafasi ya Ma inaondoka, ile ya kusimama na kuuliza, na nikafanya jambo la kwanza lililonijia. Nikakinyakua kifuniko, nikakigeuza, nikakiinua mbele yangu kwa viganja viwili, mdomo juu. Pembe zikasimama.

Ta Bitegeko akatazama kifuniko, akanitazama mimi, akatazama barabarani ambako vumbi la gari lilikuwa limeshaonekana.

"Haya, kishike hivyohivyo," akasema. "Ukishusha mikono, nami nitakushusha wewe."

Nikasimama. Jua lilikuwa linapanda. Bwana Shauri akateremka kwenye gari, akainua vidole viwili, watu wakainua vyao. Hotuba ikasomwa, ikatafsiriwa, ikaanza tena. Mikono ikafa ganzi, kisha nikaacha kujua kama ni yangu. Hatimaye akaanza kupita kwenye safu, karani wake kando. Akapita vya Rugera. Akafika kwetu. Akaona msichana ameinua chombo kitupu mbele yake kwa mikono miwili, kimya, uso umekunjamana.

Sasa mzungu naye ni mtu. Alifikiri anachokijua. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa peremende mbili, akaziweka kwenye kifuniko. Karani alipoona mkubwa wake ametoa, naye akajipapasa, akatoa kipande cha penseli, akakiweka. Nyuma yao alikuwa Mzee Salehe, aliyealikwa kama mkubwa wa wafanyabiashara. Huyo alielewa mambo yote kwa kumtazama Ma tu pale chini. Alivua tasbihi yake, akaitazama, akairudisha mkononi, akaweka karafuu tatu. Watu wakaanza kucheka na mimi nikaanza kucheka, machozi yananitoka, na sikuweza kujifuta.

Bwana Shauri akasema neno. Karani akanigeukia.

"Bwana anauliza, mnaomba nini?"

Ma alikuwa bado chini. Nilimtazama, hakuinua kichwa. Basi nikasema mimi, kwa Kiswahili changu cha darasa la pili.

"Tunaomba habari za Byera. Mama yake ni huyu."

Karani akatafsiri. Bwana Shauri aliacha kutabasamu. Akamwinamia Ma, jambo ambalo watu wa Omurushaka walilisimulia mwaka mzima, akauliza jina kamili, jina la baba, na mwaka aliochukuliwa. Ma akajibu yote. Karani akatafuta penseli, akakumbuka alikoipeleka, akaichukua kutoka kwenye kifuniko changu, akaandika nyuma ya bahasha.

Hivyo ndivyo swali lilivyoulizwa. Majibu yalichelewa sana.

Katikati hapo Ma aliacha kusuka vikapu. Alisema hana cha kutia ndani. Nikadhani kazi imekwisha kati yetu, lakini baada ya kidole kupona aliniita akaniwekea nyasi mbele. "Kifuniko," akasema. Nikasuka kimoja, pembe zinakutana ukingoni, nikakivaa kichwani ili aone, maana niliogopa kuamini macho yangu. Hivyo ndivyo kofia zenu zilivyoanza. Akanipa nyasi nyingine. "Kifuniko." Tulisuka vifuniko bila vikapu, mimi na yeye, msimu baada ya msimu, vyote na pembe zimesimama. Viliegemezwa ukutani, vikaning'inizwa darini, kuku mmoja akataga kwenye kimoja. Watu walipouliza vinafunika nini, Ma alisema bado. Nilijifunza kazi yangu yote katika vifuniko vile. Miaka ya baadaye, nilipopewa kufundisha ususi kwenye madarasa ya akina mama, bibi wa maendeleo alishangaa kwa nini naweza kusuka kifuniko nimefumba macho, na kikapu nahitaji kutazama.

Lakini usiku nilikuwa na neno langu moja ambalo sikumwambia mtu. Nilikuwa naamini ni mimi niliyemlaza Byera. Kwamba alikuwa amesimama mahali huko, na mimi nikiwa naimba nyuma ya nyumba nikiota viatu vyeupe, nikampindua. Mtacheka. Mimi mwenyewe nimejaribu kucheka. Nilikuwa nakwenda kisimani na neno hilo na kurudi nalo.

Vita ikaisha. Tulitangaziwa sherehe Omurushaka, kila mtu aende, ng'ombe watachinjwa, na watu walikuwa wanatembea barabarani wameinua vidole viwili kama wamepigwa na kitu mkono. Mimi na Ma tulikwenda kama wengine. Mbele ya duka la Mzee Salehe tukaona hakutikisa kichwa. Alisimama. Akatuingiza ndani, akamwita mkewe alete maji, akafunga nusu ya mlango.

Karatasi ilikuwa imefika siku mbili kabla. Alisoma taratibu. Byera alifariki kwa homa, hospitali ya jeshi, huko Bama. Ilisema alizikwa wapi, jina la mahali ambalo hakuna aliyeweza kulitamka. Ikataja mwezi na mwaka.

Nje watu walikuwa wanaimba. Ma akaiweka bilauri ya maji chini. Kisha akasema, "Soma tena mwezi."

Mzee Salehe akasoma.

"Huo ni mwezi gani kwa shamba?"

Akahesabu kwa vidole, akarudi nyuma, akahesabu tena. Akasema ni wakati maharage yale yalikuwa bado hayajapandwa. Yaliyokwenda baraza. Ma akanigeukia mimi.

"Kifuniko ulikianza lini?"

"Tulipokuwa tumeshavuna, Ma."

"Basi si wewe uliyemlaza," akasema.

Sikuwahi kumwambia. Naapa sikuwahi kumwambia. Alikuwa amejua wakati wote huo, na alikuwa amebeba lake na langu. Akanivuta kichwa, akakiweka magotini pake, na yule aliyefiwa akawa ananibembeleza mimi, mkono wake wenye kovu la mdudu ukipita kwenye nywele zangu, huku nje wakipiga ngoma ya ushindi.

Mke wa Mzee Salehe alisema Ma asitembee siku hiyo, alale kwao, watamrudisha kesho na watu wa kumsindikiza. Ma akakubali. Mimi nikasema nitatangulia. Nilipita katikati ya sherehe, watu wakanipa nyama, nikaipokea, nikampa mbwa wa kwanza niliyekutana naye njiani.

Nilifika Chonyonyo jua likiwa bado juu. Hapakuwa na mtu kijijini, wote walikuwa huko. Nikachukua mundu wa baba, nikapanda mlimani, nikakata nyasi laini, zile za kutandika sakafuni anapokuja mgeni mkubwa, au bibi harusi, au watu wa matanga. Nilikata mizigo mitatu. Nikafagia nyumba ya Ma, nikatoa majivu, nikaanza kutandika kutoka ndani kabisa, penye kitanda chake. Sikujua natandika za ushindi au za msiba. Nilizipanga zikiangalia upande mmoja, nikizikandamiza kwa viganja, narudi kinyumenyume chumba kwa chumba mpaka nikatoka mlangoni, ili wa kwanza kuzikanyaga awe Ma mwenyewe.